Pembe, Tufe na Uthibitisho

Leo tutajifunza maneno matatu ya hesabu, na jinsi watu wa zamani walivyoyatumia. Wekeni karatasi na mkasi karibu.

Neno la kwanza ni pembe. Pembe ni uwazi baina ya mistari miwili inayokutana. Hupimwa kwa nyuzi. Kona ya daftari lako ina nyuzi 90, nayo huitwa pembe mraba.

Waashi wa Misri walizijua pembe vizuri. Piramidi kubwa ya Giza ilijengwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na kona za msingi wake ni pembe mraba karibu kabisa. Basi kupima walijua. Lakini kupima si kuthibitisha.

Jaribu sasa. Kata pembetatu ya karatasi, uzitenge kona zake tatu, kisha uzipange ncha kwa ncha. Zinafanya mstari ulionyoka, yaani nyuzi 180. Vema. Lakini je, pembetatu ya jirani yako? Na zile ambazo hujaziona? Huwezi kuzikata zote.

Yapata mwaka 300 K.K. Mgiriki mmoja, Euclid, aliandika vitabu 13 vya hesabu. Alianza na mambo machache ambayo aliomba yakubaliwe, akaendelea hatua kwa hatua, akitoa sababu ya kila hatua, hata akaonyesha kwamba jambo hilo ni kweli kwa kila pembetatu. Huo ndio uthibitisho.

Tufe ni umbo la mviringo kama mpira. Archimedes wa Syracuse alithibitisha kwamba tufe likikaa barabara ndani ya umbo kama kopo, likigusa juu, chini na ubavuni, hujaza theluthi mbili za nafasi yake. Askari wa Kirumi alimwua mwaka 212 K.K. Mwaka 75 K.K. Cicero, Mrumi, alilikuta kaburi lake limefunikwa na miiba. Alilitambua kwa mchoro wa tufe na kopo. Watu wa mji walikuwa wamelisahau kaburi, lakini uthibitisho haukupotea.

Basi, ukipimiwa shamba au msingi wa nyumba, usitosheke kuambiwa, “Ndivyo ilivyo.” Uliza: “Kwa nini?”

Maswali
1. Pembe mraba ina nyuzi ngapi?
2. Kupima na kuthibitisha vina tofauti gani?