Hesabu ya Joto katika Tanuri za Wahaya

Barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo, karibu na ufuko wa Ziwa Viktoria. Huko wanaakiolojia walichimbua mashimo ya tanuri za chuma zilizofanya kazi katika karne za mwanzo Baada ya Kristo. Humo mlikuwa na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, na baadhi yake mavi ya chuma yalikuwa yameganda upande wa nje. Kumbe mirija ile haikuishia ukutani. Ilipenya ndani, katikati ya moto.

Alama hiyo ilizua swali la fizikia ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulikokotoa kwenye daftari.

Mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani alifika Buhaya, nchi ya Wahaya, mwishoni mwa miaka ya 1960. Wazee walimwelekeza Katuruka, Maruku, kwenye mti wa Kaiija, mahali ambapo masimulizi yao yanapahusisha na Mukama Rugomora Mahe na ufuaji wa chuma. Alipochimba hapo alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani sana kuliko enzi ya mfalme huyo. Yafaa isemwe wazi: kumbukumbu za wazee ndizo zilizomfikisha mahali pa kuchimba.

Mwaka 1976 Schmidt na mhandisi Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo, kabla chuma cha ng'ambo hakijaizima, waijenge tena tanuri. Wazee walichimba shimo na kulikandika udongo wa kichuguu. Wakalijaza nyasi za kinamasi zilizochomwa hadi zikawa makaa, wakainua kuta, wakaingiza mirija, kila mmoja na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Makaa na mawe ya chuma yakamiminwa kwa juu. Watafiti walipopima, baadhi ya sehemu karibu na midomo ya mirija zilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi, ilhali chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538.

Joto hilo lilitoka wapi? Jibu lao, lililochapishwa katika jarida la Science mwaka 1978, lilikuwa kwamba hewa hupata moto ndani ya mrija kabla ya kuyafikia makaa.

Hapo ndipo hesabu inapoanzia, kwa utaratibu uleule wa darasani: andika unachokijua, andika unachokitafuta, chagua kanuni, ndipo utie namba. Kilo 1 ya kaboni ikiungua kabisa hutoa megajuli 33 hivi, na huhitaji takriban kilo 11.5 za hewa. Kupandisha joto la kilo 1 ya hewa kwa nyuzi 1 hudai kilojuli 1 hivi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba hewa imepanda nyuzi 300 ndani ya mrija. Zidisha 11.5 kwa 300 kwa 1: unapata kilojuli 3,450, karibu megajuli 3.5. Ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya joto lote la makaa. Si kidogo. Huko Uskoti, James Beaumont Neilson alipata hataza ya kupasha moto hewa ya tanuri mwaka 1828, na mbinu hiyo ilipunguza sana matumizi ya fueli viwandani.

Lakini hesabu haijaisha. J. E. Rehder mwaka 1986, na baadaye David Killick, walilipinga dai la Schmidt na Avery. Neilson alitumia jiko la pembeni. Mrija wa Wahaya ulichota joto la tanuri ileile, kwa hiyo lazima kwanza uulize kama joto hilo lingepotea bure. Tena udongo hupitisha joto polepole, na hewa hupita upesi. Pingamizi hili lina uzito, na halipunguzi chochote katika ustadi wa mafundi wale: chuma walikipata, kigumu cha kutosha kwa jembe na mkuki, hata kama sababu ya joto ilikuwa nyingine.

Anayetaka kuendelea na swali atahitaji urefu wa sehemu ya mrija iliyokuwa motoni, unene wa ukuta wake, na kasi ya hewa. Unene unapimika kwa rula kwenye vipande vya Kemondo, na urefu hukadiriwa kwa kufuata mavi ya chuma yaliyoshikamana navyo. Kasi ya hewa iko mikononi mwa wanaovukuta, na ili kuipata hapana budi tanuri iwashwe tena.