Upozaji wa kasha la kompyuta katika mazingira ya Arusha

Kukata kasha la kompyuta ni kazi ya kutoboa au kupanua matundu ya bati lake na kufunga feni, ili hewa ipite kwa wingi na kuondoa joto la prosesa, kadi ya picha na diski. Zana zake ni za kawaida: drili, msumeno wa chuma, tupa, msasa, bisibisi na kipande cha ubao. Jijini Arusha kazi hii ina masharti yake, kwa kuwa hewa ya huko ni baridi kuliko ya Dar es Salaam, lakini ni nyepesi na ina vumbi jingi.

Jiji liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,562. Hapo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, joto likiwa sawa. Feni husukuma ujazo uleule, ila uzito wa hewa hiyo umepungua, hivyo inabeba joto kidogo. Anayepanda kuelekea Ilkiding'a hupoteza karibu asilimia 1 nyingine kila mita 100. Baridi ya Juni na Julai hufidia upungufu huo. Joto la Januari na Februari haliufidii.

Vumbi lina madhara makubwa zaidi. Meru ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo uliotokana na majivu yake ni laini mno. Masika yakiisha, upepo hulitimua vumbi hilo hadi vuli, na upande wa Kisongo hali huwa mbaya zaidi. Likishajaa kati ya mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa, hugeuka kama blanketi, na hakuna feni itakayosaidia.

Kwa hiyo fundi wa Arusha asianze kwa kujiuliza atoboe matundu mangapi, bali hewa iingilie wapi. Feni za mbele, zinazoingiza hewa kupitia chujio, ziwe na nguvu kuliko za nyuma zinazoitoa. Shinikizo la ndani likizidi la nje, hewa hutokea kwenye nyufa. Likipungua, kila ufa hunyonya vumbi. Feni ya kutolea hewa iliyopachikwa ubavuni bila chujio mbele inaweza kushusha joto wiki ya kwanza, kisha ikaijaza mashine uchafu.

Kasha lenyewe lichunguzwe kabla ya kukatwa. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini ni mitumba iliyotoka maofisini ng'ambo. Baadhi, kama Dell OptiPlex 745 na 755, zilifuata mpangilio wa BTX wa Intel: feni kubwa ya mbele hupitisha hewa kwenye mfereji wa plastiki hadi kwa prosesa. Kulitoboa ubavuni kasha la namna hiyo kunaweza kuvuruga njia ambayo tayari ni nzuri. Inatosha kupanua tundu la mbele.

Makasha ya ATX, mpangilio wa mwaka 1995, ndiyo yanayofaidika zaidi. Feni ya milimita 120 ina eneo mara 2.25 ya ile ya milimita 80, hivyo huzunguka polepole bila kelele na bado ikapitisha hewa ya kutosha. Matundu ya skrubu zake yameachana milimita 105. Ya feni ndogo, milimita 71.5. Vifaa vyote hutolewa kwanza, maana chembe moja ya chuma kwenye ubao mama inaweza kuuunguza. Duara huchorwa juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye bati, ubao ukawekwa nyuma ili bati lisibonyee. Kisha hutobolewa vitundu vilivyosongamana ndani ya mstari, vinaunganishwa kwa jino la msumeno, na kingo zinasuguliwa kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Miwani ya kinga ni lazima. Kasha huoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishiwa vifaa.

Ufundi wa zana za mkono una mizizi Arusha. Karakana ya ubunifu ya Twende, ambayo Bernard Kiwia, aliyekuwa fundi baiskeli, alishiriki kuianzisha, imejengwa juu ya imani kwamba mwananchi anaweza kujitengenezea kifaa anachokihitaji. Imani hiyo inastahili kufika hadi kwenye kompyuta.

Kwa chujio, wavu wa dirishani wenye matundu madogo unafaa, na soksi ndefu nyembamba za kike huzuia vumbi zaidi. Vyandarua vyenye dawa, kama vile vya Olyset ambavyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kuvitengeneza mwaka 2003, visikatwe kwa kazi hii: matundu yake ni mapana mno, na mahali pake ni kitandani.

Katika waya za ugavi wa umeme, wa njano hubeba volti 12, mwekundu 5, na mweusi ni wa kurudisha. Feni hufungwa kati ya njano na mweusi. Kisanduku cha ugavi chenyewe hakifunguliwi, kwani kapasita zake huhifadhi chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Joto la prosesa lipimwe kwa programu kabla na baada ya kukata, kwa kazi ileile na saa ileile ya siku, chumba kikiwa na joto lilelile. Kiangazi, chujio likaguliwe kila wiki na kuoshwa likishakuwa la kijivu.