Kampuni Iliyokataa Kupanda Juu

Madereva wa malori na mafundi wa jenereta huku kwetu wanalijua vizuri jina la Cummins. Makao makuu yake yako Columbus, mji wa watu 50,000 hivi katika jimbo la Indiana, Marekani. Ni fedha za injini hizo za dizeli zilizoufanya mji mdogo namna ile utembelewe na wasanifu majengo wa dunia nzima.

Clessie Cummins, dereva wa familia ya Irwin iliyomiliki benki, alianzisha kampuni mwaka 1919 kwa mtaji wa tajiri wake. Lakini aliyeubadilisha mji ni mrithi wa familia hiyo, J. Irwin Miller. Mwaka 1942 kanisa lao lilikamilika kwa ramani ya Eliel Saarinen kutoka Finland, likiwa na mnara wa matofali wa mita 50 hivi. Mwaka 1954 mwanawe, Eero, akawajengea benki. Zama hizo benki zilijengwa kama ngome. Eero akaweka kuta za vioo, paa la chini lenye kuba tisa, na makarani wasiojificha nyuma ya nondo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watoto waliongezeka na shule zikahitajika haraka. Miller akaiambia halmashauri ya shule: chagueni msanifu kutoka orodha yetu, na mfuko wa Cummins utamlipa ada yake. Shule ya kwanza, kazi ya Harry Weese, ilifunguliwa 1957, kisha mpango ukaenea hadi vituo vya zimamoto. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu zake: mhandisi hodari hahamii mahali ambapo wanawe watasomea mabandani. Na orodha, tusisahau, haikuandikwa na wapigakura.

Miaka ya 1980 ikafika zamu ya ofisi kuu ya kampuni yenyewe. Sisi tuliozoea benki na mifuko ya pensheni kushindana kwa ghorofa tungetarajia mnara. Kevin Roche, aliyewahi kufanya kazi chini ya Eero, alichora jengo fupi lililotambaa katikati ya mji, na kinu cha zamani cha nafaka cha Cerealine kikaachwa kisimame papo hapo. Ukiutazama mji kwa mbali, ofisi hiyo huioni. Kinachochomoza ni minara, kama ule wa mahakama ya mwaka 1874 na ule wa kanisa la Saarinen.