Magurudumu Mawili Yalipohitaji Miguu

Tazama tela la mizigo lililoachwa bila kichwa Mariakani au Tunduma. Sehemu ya mbele imeegemea miguu miwili ya chuma, ambayo utingo huiteremsha kwa kuzungusha mkono wa pembeni. Miguu hiyo hubeba tani kadhaa bila kulalamika. Tela dogo la kulala porini nalo lina miguu ya namna hiyo, ila kazi yake ni nyingine kabisa, na wengi hawalijui hilo mpaka fremu ipinde.

Nyumba za kwanza za kuvutwa kwa starehe hazikuhitaji miguu. Mwaka 1885 Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, alisafiri kutoka Twyford hadi Inverness katika gari la farasi aliloliita The Wanderer, lililoundwa na Bristol Wagon Works. Lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili na lilitembelea magurudumu manne. Farasi wakifunguliwa, lilibaki limesimama vilevile na daktari akaendelea na chai yake.

Matata yaliletwa na motokaa. Injini za wakati ule zilikuwa dhaifu, hivyo kilichovutwa kilipaswa kuwa chepesi: ekseli moja, magurudumu mawili. Kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kuunda matela ya kulala ya aina hiyo mwaka 1919. Njiani hakukuwa na shida, kwa kuwa mbele kumeshikwa na gari. Lakini likishafunguliwa, tela lenye ekseli moja hugeuka pembea: mtu akisogea nyuma, mbele kunanyanyuka.

Upande wa pili wa Atlantiki, mwaka 1914, mhunzi wa Detroit aitwaye August Fruehauf alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, tela la kubebea mashua, likavutwa na Ford Model T. Sibley alilipenda, akaagiza mengine ya kubebea mbao. Kutokana na biashara hiyo yalikua matela makubwa tunayoyaona barabarani leo. Hayo mbele hayana magurudumu, kwa hiyo miguu yake lazima ibebe mzigo kwelikweli.

Tela dogo lina historia ya mafundi wa nyumbani. Miaka ya 1930 Wamarekani walianza kujiundia matela yenye umbo la tone la chozi, kitanda ndani, jiko nyuma chini ya kifuniko. Mengi yalikuwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, kipimo kilekile cha ubao mmoja wa plaiwudi. Jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha ramani yake Septemba 1947, na watu wanaendelea kuyaunda hadi sasa.

Kwa tela la namna hiyo, miguu miwili ya nyuma inatosha, maana kazi yake ni kulituliza tu, si kubeba uzito wake; mbele kuna gurudumu dogo la kuegeshea. Aina rahisi ni bomba ndani ya bomba, lenye matundu na pini, nayo haina cha kuharibika. Tatizo lake ni kwamba tundu halikutani na ardhi pale unapotaka. Mguu wa skrubu unaokunjwa kama mkasi ni bora, japo ni mzito na hupenda kushika matope. Pima kimo kutoka fremu hadi ardhini tela likiwa sawa, kisha chagua mguu unaogusa chini ukiwa katikati ya mwendo wake, usije ukafika mwisho kwenye bonde.

Ufunge kwa boliti kwenye chuma cha fremu, karibu na kona kadiri inavyowezekana. Sakafu ya mbao haifai hata ikiwa nene. Ukishakunjwa, usishuke chini ya ekseli wala kukwaruza tela linapopanda kutoka mtoni. Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya matela ya Airstream, alipoongoza matela yake 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, mwaka 1959 hadi 1960, msafara ulipita Kenya na Ethiopia. Katika barabara za namna ile, kinachoning'inia ndicho king'okacho kwanza.

Ukifika kambini, sawazisha kwanza kushoto na kulia kwa ubao chini ya tairi. Zuia matairi kwa mawe, kisha sawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu la kuegeshea. Hapo ndipo miguu ishuke, juu ya vipande vya mbao kama ni mchanga, mpaka ikaze kidogo. Siku hizi wengi hutumia drili ya betri. Miguu ya AL-KO ya Ujerumani, kwa mfano, huzungushwa kwa soketi ya milimita 19. Mimi napendelea mkono, kwa sababu drili haisikii uzito unapoanza kupanda, nayo huendelea kunyanyua. Na tairi ikipasuka, piga jeki chini ya ekseli au pale mtengenezaji alipoelekeza; miguu iache imekunjwa.