Kifua kikuu cha ng'ombe: herufi moja yaizima dawa

Eldoret, jiji la Kaunti ya Uasin Gishu, limezungukwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mursik huko ni kinywaji cha heshima. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa yasipochemshwa kabla ya kutiwa kibuyuni, bakteria Mycobacterium bovis aweza kumwambukiza mnywaji kifua kikuu.

Jenomu ya bakteria huyo ilichapishwa mwaka 2003: herufi za kemikali zaidi ya milioni 4.3, zinazolingana na za bakteria wa kifua kikuu cha binadamu kwa zaidi ya asilimia 99.95. Tofauti ni finyu mno, lakini badiliko la herufi moja tu katika jeni la pncA huifanya pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo wa matibabu, isimdhuru. Darubini haiwatofautishi bakteria hao wawili. Jeni zao huwatofautisha.