Handaki la Njaa: Chakula na Vita vya Mau Mau katika Meru na Embu

Wapiganaji wa Mau Mau walioingia misitu ya Mlima Kenya baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, hawakuwa na ghala wala magari ya shehena. Ghala lao lilikuwa mashamba ya Meru na Embu yaliyopakana na msitu, na wachukuzi wao wengi walikuwa wanawake. Usiku viondo vya githeri, viazi vitamu, ndizi na unga vilifikishwa ukingoni mwa msitu, vikapokewa na vijana waliotumwa kutoka kambini. Makamanda kama Musa Mwariama na Baimungi upande wa Meru, na Kubukubu upande wa Embu, walitegemea njia hizo kama walivyotegemea bunduki, pengine zaidi, kwa kuwa bunduki zilikuwa chache.

Wagiriki wa kale waliijua hesabu hii ya mpiganaji na chakula chake. Vita na Sparta vilipoanza mwaka 431 KK, Athens iliwaingiza wakulima wake ndani ya kuta ikala nafaka iliyoletwa kwa meli. Iliposhindwa baharini mwaka 405 KK njia hiyo ikafungwa, na mwaka uliofuata njaa ikaulazimisha mji kusalimu amri. Plataea, mji mdogo uliozingirwa mwaka 429 KK, uliwabakiza wanaume 480 na wanawake 110 wa kuwapikia mikate. Mlima Kenya haukuwa na ukuta wa kumweka mpishi na mpiganaji pamoja. Mmoja alikuwa shambani, mwingine msituni, na kati yao palikuwa na nafasi ya kuchimba.

Serikali ya kikoloni ikachimba. Handaki la takriban maili 50 lilipita pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, likatiwa mianzi iliyochongwa ncha na kuwekewa seng'enge. Waliolichimba ni wanakijiji wenyewe, kwa kazi ya lazima, wakiwemo wanawake walewale waliokuwa wakipeleka chakula. Mazao yaliyokuwa karibu na msitu yalifyekwa, na ng'ombe wakafungiwa usiku katika maboma yenye ulinzi.

Kuanzia Juni 1954 watu walihamishwa kwa nguvu kutoka maboma yao yaliyotawanyika vilimani wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa na mahomugadi, walinzi wa Kiafrika waliotumikia serikali. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamewekwa katika vijiji zaidi ya 800 vya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Hapo ndipo njaa iliyokusudiwa msitu ilipowarudia waliobaki nyumbani. Amri ya kutotoka nje iliwaachia wanawake saa chache tu za kulima. Palizi ilichelewa, mavuno yakapotea, na wanaume wengi walikuwa kizuizini. Walioumia zaidi ni watoto na mama wanyonyeshao. Msalaba Mwekundu na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake viligawa maziwa na supu, msaada uliookoa baadhi lakini haukuweza kuchukua nafasi ya shamba.

Msituni nako mlo ulibadilika. Wakulima ambao wengi wao hawakuzoea nyama ya porini walijifunza kutega wanyama, kwa kuwa mlio wa risasi ungewafichua. Asali ilithaminiwa mno: hukaa muda mrefu bila kuharibika, hubebeka, na huliwa bila moto. Moto wenyewe uliwashwa kwa tahadhari, kwa kuni kavu zisizotoa moshi mwingi.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Handaki lilikuwa limewapunguza wapiganaji sana, lakini halikuwamaliza: Mwariama na watu wake waliendelea kuishi msituni hadi Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, ndipo wakatoka.