Jinsi ya kubadilisha kiyoyozi cha gari la kulala safarini

MSAFIRI anayelala ndani ya gari lake katika kilima cha Nyanchwa, kinachoutazama mji wa Kisii, huhitaji blanketi kuliko kiyoyozi. Mji huo uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Hata hivyo, gari hilo hilo likiteremka hadi Kisumu au likifika Mombasa, paa lake la bati huwa kama tanuri. Ndiyo sababu magari yenye kitanda na jiko hufungwa kiyoyozi juu ya paa.

Kiyoyozi hicho ni tofauti na kile cha kawaida cha gari. Cha kawaida huendeshwa na injini, na injini ikizimwa nacho hunyamaza. Cha paani hutumia umeme kama kile cha nyumbani, na kompresa, feni na mabomba yake yote yamo ndani ya kasha moja. Kwa hivyo, kinapoharibika kabisa, kasha lote huondolewa na jipya kuwekwa mahali pake.

Umeme kwanza

Kosa kubwa hutokea dukani, kabla ya spana kushikwa. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Magari mengi yaliyotumika huingia nchini kutoka Japani, ambako vifaa hutumia volti 100, ilhali vile vya Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Transfoma hubadilisha volti, lakini haibadilishi hezi. Kompresa iliyoundiwa hezi 60 huzunguka polepole kwenye hezi 50, hupata joto kupita kiasi na huenda ikaungua. Ni heri kununua kiyoyozi cha volti 230 na hezi 50.

Kuondoa cha zamani

Umeme wote hukatwa: wa nje, wa jenereta na wa betri. Kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, hivyo haiguswi kabla ya fundi kuitoa chaji. Kifuniko cha dari hufunguliwa, nyaya hutenganishwa baada ya kuwekewa alama, kisha bolti ndefu zinazokaza kasha kutoka ndani hulegezwa. Kasha huweza kuwa na uzito wa kilo 40 au zaidi. Halishushwi na mtu mmoja.

Kufunga kipya

Shimo la paa kwa kawaida ni mraba wenye upande wa sentimita 36 hivi, ingawa baadhi ya magari yana la sentimita 40. Lipimwe kabla ya kununua. Ukingo wake husafishwa hadi mabaki yote ya gundi yatoke, na mbao au bati lililooza hurekebishwa kwanza.

Kati ya kasha na paa huwekwa gasketi nene ya sponji. Bolti hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, hadi gasketi ibanwe kufikia takriban nusu ya unene wake. Ikilegea, maji hupenya; ikibanwa mno, hupasuka au paa hupinda. Gasketi ya zamani haitumiwi tena. Katika nyanda za Gusii, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi, uvujaji hujitokeza upesi. Mvua ya mawe nayo huweza kupinda mapezi membamba ya kondensa, hivyo kifuniko cha juu kisiachwe kikiwa kimepasuka.

Mwinuko na jenereta

Kiyoyozi cha kadiri hutumia wati zipatazo 1,500, na huhitaji nyingi zaidi kwa nukta chache kinapowaka. Kikiendeshwa kwa betri ya volti 12 kupitia kibadilisha umeme, mkondo hupita ampea 125. Nyaya nyembamba zitaungua.

Jenereta ya petroli nayo hupungukiwa na nguvu hewa inapokuwa nyepesi, kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko. Hivyo, jenereta ya wati 3,000 hutoa kama 2,400 tu ikiwa Nyanchwa. Kiyoyozi kinachokataa kuwaka huko huenda ni kizima kabisa, na lililopungua ni nguvu ya jenereta.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jenereta haiwekwi ndani ya gari wala chini ya dirisha, na kila gari la kulala linapaswa kuwa na king'ora cha gesi hiyo.

Majaribio ya mwisho

Kiyoyozi kikishawaka kwa dakika 20 hivi, hewa inayotoka yapasa kuwa baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi. Kisha maji humwagwa juu ya paa na dari kukaguliwa.

Kasha la zamani lisikatwe ili kuuza shaba yake. Baadhi ya gesi zilizomo huongeza joto la dunia mara 2,000 kuliko kaboni dioksaidi, na ndizo zilizolengwa na makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016. Likabidhiwe fundi wa majokofu mwenye mashine ya kuivuta gesi hiyo.